GHALA, DAFTARI NA KIBALI: WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI KWA WALIOPOTEZA MAKAO

(Mazungumzo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu, watunza ghala na wajumbe wa Bodi za vyama vya msingi vya mkoa wa Kagera)



Mmezoea kuniona nikifika vyamani kwenu kwa ajili ya leja, stakabadhi na mizani, na yamkini wako waliodhani kwamba leo pia nimekuja kuhoji salio la fedha taslimu. Leo nimeombwa nizungumzie mtu aliyepoteza makao: yule ambaye jioni alikuwa na nyumba, na usiku ukamkuta nje pamoja na watoto wake. Nitaeleza chama cha msingi kinaweza kumfanyia nini katika usiku ule wa kwanza na katika miezi inayofuata.

Huenda mtu akauliza mkaguzi anahusikaje na jambo hilo. Jibu ni kwamba siku ya maafa watu wetu hawakosi huruma. Jirani humfungulia jirani mlango, na mwenye ndizi huzigawa. Kinachokosekana ni ufunguo wa ghala, orodha ya watu na kibali cha kutumia mali ya wanachama. Hayo matatu ni mambo ya utawala wa chama, tena hayatafutwi usiku wa manane. Hutengenezwa mapema, wakati wa utulivu kama huu.

Tuliyoyaona

Sina haja ya kueleza kwa urefu yaliyotokea siku ya Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016. Tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wetu alasiri. Watu wapatao 17 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, nyumba zaidi ya 2,000 zikaanguka, na maelfu nyingine zikapata nyufa. Hata wale ambao nyumba zao zilisimama, wengi walilala nje kwa kuhofia mitetemeko iliyofuata, huku mvua za vuli zikikaribia. Shule, ambazo kwa desturi ndizo kimbilio la kwanza, nazo ziliathirika. Sekondari za Ihungo na Nyakato zilibidi zifungwe, na wanafunzi wake wakapelekwa shule nyingine.

Mwezi Januari 2017 Rais John Magufuli alifika mkoani na kueleza wazi kwamba serikali haitamjengea nyumba kila mwananchi aliyeangukiwa na nyumba. Kila mmoja wetu na awe na maoni yake juu ya kauli ile. Kwetu sisi wanaushirika funzo lilikuwa moja: mzigo wa kumrudisha mtu chini ya paa ulibaki kwa mtu mwenyewe, kwa ndugu zake, na kwa vyombo alivyojiundia na wenzake. Chama cha ushirika ni kimojawapo cha vyombo hivyo.

Linganisheni na yaliyotokea mkoani Manyara tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Mlima Hanang, yakaufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Huko serikali pamoja na wadau ilijenga nyumba za kudumu kwa ajili ya familia zilizopoteza makao. Kwa hiyo njia za baadaye zaweza kutofautiana. Lakini tangu siku ya kwanza hadi nyumba ya kudumu ipatikane, Kagera na Hanang zilifanana: mtu alihitaji mahali pakavu pa kulala, maji, choo, chakula, na mtu wa kumwandika jina.

Nani huachwa nje

Ndugu Wanaushirika, nataka mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote nitakayosema.

Baada ya maafa, msaada hufuata majina yaliyokwisha andikwa. Mwenye kiwanja huandikwa kwa kiwanja chake. Mwanachama huandikwa kwa namba yake ya uanachama. Mkuu wa kaya huandikwa katika daftari la kitongoji. Lakini yuko mpangaji wa chumba kimoja, ambaye nyumba ikianguka msaada wa ujenzi humwendea mwenye nyumba. Yuko kibarua aliyetoka mbali kuja kuchuma kahawa yetu, anayelala katika kibanda cha mwenye shamba. Yuko mjane aishiye kwenye kihamba cha ukoo wa marehemu mumewe, ambaye shemeji zake huona ajali ile kuwa nafasi ya kumwambia arudi kwao. Yuko mzee aliyehifadhiwa na jirani, asiyehesabiwa katika kaya yoyote.

Katika kazi yangu niliwahi kukagua chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilichokabidhiwa mablanketi 60 ili kiyagawe baada ya mvua ya upepo kuezua nyumba za kijiji. Hesabu yao ilikuwa safi. Yaliingia 60, yakatoka 60, na kila jina lilikuwa na sahihi au dole gumba. Kwa kanuni za hesabu sikuwa na hoja. Ndipo nikamwomba Katibu aniwekee daftari la wanachama kando ya orodha ile, na majina yote 60 yakawa ya wanachama, yakifuata mpangilio ule ule wa daftari. Miongoni mwao walikuwamo ambao bati zao hazikuguswa. Vibarua watano waliolala chini ya miti hawakuwa na jina lolote katika karatasi zile. Hakuna aliyeiba hata blanketi moja, na bado waliohitaji walikosa.

Basi orodha ya msaada wa dharura iandikwe kwa kufuata watu walipolala, wala isinakiliwe kutoka daftari la wanachama. Watu wawili wenye kuaminika, mwanamume na mwanamke, wapite kila kitongoji pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, na kila wanapofika waulize swali moja: usiku wa leo ni nani watalala hapa, na ni nani hana pa kulala? Vyama vya kufa na kuzikana tulivyo navyo kila kijiji vitasaidia sana, maana huwajua watu nyumba kwa nyumba kuliko ofisi yoyote. Mjane aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Mpangaji aandikwe kuwa mpangaji. Mtoto aliyetengana na wazazi aandikwe peke yake, na habari zake zifikishwe mara moja kwa ofisa ustawi wa jamii; ipo pia namba 116 ya simu kwa ajili ya kutoa taarifa za watoto.

Ghala kama hifadhi

Vyama vyetu vingi vina ghala. Ni jengo lenye paa kubwa, sakafu ya saruji na mlango imara, na mara nyingi liko mahali panapofikiwa na gari. Miezi kadhaa kila mwaka hukaa karibu tupu. Hilo laweza kuwa kimbilio, kwa sharti kwamba limetayarishwa.

Sharti la kwanza ni usalama wa jengo lenyewe. Baada ya tetemeko, ghala lenye ufa wa mshazari kutoka dirishani hadi kwenye kona, au lililoachana na lenta, lisiingize mtu hata mmoja mpaka mhandisi wa halmashauri alikague. Ni afadhali kutandika maturubai uwanjani kuliko kuwahifadhi watu chini ya ukuta utakaowaangukia.

Sharti la pili ni sumu. Mnajua wenyewe kwamba katika maghala yetu kahawa, mbolea na viuatilifu mara nyingine hukaa chumba kimoja, ingawa tumekwisha kukatazana. Mtoto hawezi kulala mahali palipomwagika dawa ya wadudu. Chama kisicho na chumba cha pekee cha viuatilifu, chenye kufuli yake, hakina hifadhi ya kumpa mtu. Kukijenga chumba hicho ni faida hata kama maafa hayatokei, kwa kuwa kahawa nayo hunusa.

Sharti la tatu ni kipimo. Viko viwango vya kimataifa vya misaada viitwavyo Sphere, vilivyoanza kutungwa mwaka 1997. Vinasema kila mtu apate nafasi ya kulala isiyopungua mita za mraba 3.5, na maji lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupikia na kuoga. Tufanye hesabu. Ghala la mita 20 kwa 10 lina mita za mraba 200. Tukitenga robo kwa ajili ya mazao na njia za kupita, zinabaki 150. Tukigawanya kwa 3.5 tunapata watu 42. Watu hao watahitaji lita 630 za maji kwa siku, yaani madumu 32 ya lita 20. Kuhusu vyoo, viwango hivyo huruhusu choo kimoja kwa watu 50 katika siku za mwanzo, na kimoja kwa watu 20 mambo yakitulia. Lakini kwa kuwa wanawake na wanaume hawawezi kuchangia, ghala hili lianze na vyoo viwili siku ya kwanza, kisha cha wanawake kiongezwe.

Kila Katibu aliyepo hapa aweza kupima ghala lake kwa kamba na kuandika idadi ile ubaoni. Chama kinachojua kwamba kina nafasi ya watu 42 hakitawajaza 150 mpaka kipindupindu kiwe maafa ya pili.

Sharti la nne ni heshima ya walalaji. Familia zitengwe kwa turubai au kwa magunia yaliyoshonwa pamoja. Wanawake walio peke yao wapewe upande wao. Taa iwake usiku kucha kwenye njia ya chooni, na mlinzi ajulikane kwa jina. Chaga za mbao tunazopangia magunia zitandikwe chini ya mikeka, kwa sababu saruji ina baridi, na baridi huwaumiza wazee na watoto wachanga.

Zaidi ya paa

Paa peke yake halitoshi. Mtu aliyekimbia nyumba mara nyingi ameacha humo dawa zake. Anayetumia dawa za kifua kikuu, za kisukari, za shinikizo la damu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hawezi kungoja wiki. Kwa hiyo katika siku mbili za kwanza kituo cha afya kipelekewe taarifa, na wahitaji waelekezwe huko kwa faragha. Orodha ya magonjwa ya watu isibandikwe ukutani hata kidogo.

Ameacha pia karatasi zake: kitambulisho, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, hati ya kiwanja, kitabu cha mauzo ya kahawa. Hapa ushirika una nguvu ambayo wengine hawana. Leja yetu yaweza kuthibitisha kwamba fulani ni mkazi wa kijiji hiki na kwamba ameuza kahawa hapa kwa miaka kadhaa. Katibu aandike barua ya uthibitisho bila malipo, na nakala yake itunzwe. Barua hiyo imsaidie mwenye kuidai hati mpya, na imlinde mjane anayenyang'anywa shamba.

Kazi hii yote tuifanye chini ya serikali ya kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Chama kisifungue kituo chake kwa kushindana na kamati hiyo. Kipeleke kwake idadi ya nafasi, orodha ya watu na jina la mtu wake wa mawasiliano.

Kibali na hesabu

Sasa najibu hoja ambayo najua imo vifuani mwa wengi: mali ya chama ni jasho la wanachama, kwa nini itumike kwa asiye mwanachama? Tena mkaguzi huyu huyu atakuja mwakani kuhoji matumizi hayo.

Ni kweli, nitahoji. Matumizi yasiyo na kibali nitayaandikia hoja hata kama yalifanywa kwa moyo mwema, kwa sababu leo moyo mwema ndio unaotoa, na kesho mwingine atatoa kwa jina hilo hilo kwa ajili ya shemeji yake. Ndiyo sababu nasema kibali kitangulie maafa. Mkutano Mkuu ndio wenye kauli ya juu katika chama. Upelekewe azimio la kutenga fungu la maafa katika makisio ya mwaka, lenye kikomo, na likubaliwe na Mrajis pamoja na makisio mengine. Azimio liseme ni nani wenye ruhusa ya kulifungua ghala usiku, Bodi iitwe baada ya saa ngapi, na kwamba hifadhi ni ya mtu yeyote aliyekosa pa kulala. Akiba ya lazima ya chama isiguswe.

Ama kuhusu asiye mwanachama, mwaka 1995 Umoja wa Vyama vya Ushirika Duniani ulipopitisha kanuni saba za ushirika, ya saba ilikuwa kujali jamii. Lakini hata bila kanuni ile, tujiulize kahawa iliyo ghalani imechumwa na mikono ya nani. Yule kibarua asiye na namba ya uanachama ameacha jasho lake katika kila gunia.

Mali ya msaada iwe na daftari lake. Kila kilichopokelewa kiandikwe tarehe, aliyeleta, aina na idadi, na mletaji apewe stakabadhi. Kila kilichotoka kiandikwe kimetolewa kwa nani, na mashahidi wawili watie sahihi. Fedha za msaada ziingie katika akaunti ya chama na kuandikwa ukurasa wake, zisikae mfukoni mwa mtu wala kupitia simu ya Mwenyekiti. Kila jioni salio libandikwe mlangoni. Watu wenye dhiki huvumilia uhaba, lakini hawavumilii siri.

Kutoka ghalani hadi nyumbani

Hifadhi ya ghala isizidi wiki chache. Msimu utafika na magunia yatahitaji nafasi. Hatari kubwa kuliko zote huja hapo, na kwetu Kagera ina jina: butura. Mkulima aliyepoteza nyumba anahitaji mabati sasa, na kahawa yake bado ni maua. Mnunuzi humjia na fedha mkononi. Kwa mfano, humpa thamani ya magunia mawili ili avune matano. Mkulima huyo hupata paa mwaka huu na kukosa mavuno. Mwaka unaofuata huanza na deni, huuza butura tena, na mwishowe huuza kipande cha kihamba. Nyumba ilianguka siku moja, lakini umaskini wake hujengwa kwa miaka mitatu.

Chama kinaweza kuikata kamba hiyo. Mwanachama aliyepoteza nyumba akopeshwe kupitia SACCOS, au kwa malipo ya awali ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa, na deni likatwe kidogo kidogo kwa misimu miwili au mitatu. Chama Kikuu kinunue mabati, misumari na saruji kwa pamoja, ili bei ya jumla imfikie mtu wa mwisho kijijini. Na kwa kuwa ardhi iliyotetemeka yaweza kutetemeka tena, mkopo wa ujenzi uwe na sharti la nyumba kufungwa lenta kuzunguka kuta zote, kona ziunganishwe kwa nondo, na paa liwe jepesi. Mpangaji na kibarua hawataomba mkopo wa mabati. Kwao, chama kizungumze na wenye mashamba na wenye nyumba ili wasirudishwe katika vibanda vyenye nyufa.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, naomba kila chama kirudi nyumbani na kazi nne. Ghala lipimwe na idadi ya nafasi iandikwe. Viuatilifu vitengwe katika chumba chake. Daftari la maafa lifunguliwe likiwa tupu, na wateuliwe wawili watakaopita vitongojini. Azimio la fungu la maafa lipelekwe kwenye Mkutano Mkuu ujao.

Nitakapokuja kukagua nitaliomba daftari hilo pamoja na leja, na nitasoma majina yaliyomo. Nikimkuta humo mpangaji, mjane na kibarua, nitajua kwamba chama kiliwafikia waliolala nje.